Kumpangia Mgeni Matembezi ya Dar es Salaam

Ratiba ya matembezi ni mpango unaoonyesha mgeni atakwenda wapi, saa ngapi na kwa usafiri gani katika siku chache alizo nazo mjini. Kwa kawaida watu huianza kwa kuandika orodha ya vivutio, yaani mahali ambapo wageni hupenda kupatazama, kisha huzigawa siku kwa idadi ya vivutio hivyo. Njia hiyo inafaa katika mji mdogo ambao mtu huumaliza kwa miguu asubuhi moja. Katika Dar es Salaam, ambayo Sensa ya mwaka 2022 iliihesabia zaidi ya watu milioni 5.3, njia hiyo humfanya mgeni ashinde garini akitazama migongo ya magari mengine, na jioni akumbuke foleni kuliko anavyoyakumbuka makumbusho. Makala hii inashikilia kwamba ratiba ya jiji hili haina budi kuanzia kwenye mambo matatu yasiyomsubiri mtu, ambayo ni foleni, jua na maji ya bahari, na kwamba vivutio vipangwe baada ya hayo matatu kujulikana.

Foleni, kwa maana ya msongamano wa magari barabarani, haitokani na bahati mbaya ya siku fulani, bali imetokana na umbo la jiji lenyewe. Mji ulianza kujengwa kando ya bandari katika miaka ya 1860, wakati Sultani Majid bin Said wa Zanzibar alipolichagua eneo la kijiji cha Mzizima, ukawa makao makuu ya utawala wa Wajerumani mwaka 1891, na tangu hapo ofisi, benki, mahakama na maduka ya jumla vimerundikana katika eneo dogo karibu na maji. Barabara kuu nne, yaani ile ya Bagamoyo itokayo kaskazini, ya Morogoro itokayo magharibi, ya Nyerere ipitayo kwenye uwanja wa ndege na ya Kilwa itokayo kusini, zote hukutana huko kama vidole kwenye kiganja. Uamuzi wa kuhamishia makao makuu ya nchi Dodoma ulifikiwa mwaka 1973 na utekelezaji wake ukashika kasi kuanzia mwaka 2016, lakini biashara haikuhama pamoja na wizara, na hivyo umma mkubwa wa watu bado huingia katikati ya jiji kila asubuhi na kutoka kila jioni.

Kutokana na hali hiyo, mpangaji mzuri huligawa jiji katika kanda, ukanda ukiwa ni eneo ambalo vivutio vyake vimekaribiana kiasi kwamba mgeni anaweza kuvizungukia bila kuvuka jiji zima. Katikati ya jiji, kuanzia Feri hadi Mnazi Mmoja, ni ukanda mmoja. Kariakoo, japo imepakana nao, inastahili kuhesabiwa peke yake. Kaskazini, kuanzia Oysterbay hadi Mwenge, ni ukanda mwingine. Na fukwe za Kunduchi pamoja na visiwa vyake ni ukanda wa nne. Kigamboni, ng'ambo ya mlango wa bandari, hufuata utaratibu wake. Siku moja ipewe ukanda mmoja, au miwili iliyopakana, na anayejaribu kumwonyesha mgeni vinyago vya Mwenge asubuhi, Kigamboni mchana na Kunduchi jioni atakuwa amempangia safari tatu za garini zenye mapumziko mafupi katikati.

Kabla ya hayo yote, ni lazima ijulikane mgeni ni nani, jambo ambalo watu wengi hulidharau kwa kudhani kwamba kila mgeni anataka kuona vitu vilevile. Mwanafunzi aliyetoka Singida au Tabora pengine hajawahi kuiona bahari, na kwake kivuko cha dakika chache kwenda Kigamboni kinaweza kuzidi jengo lolote la kale. Mfanyabiashara wa kutoka Lubumbashi au Lusaka amekuja kwa ajili ya Kariakoo, na matembezi yake yatapachikwa kando ya manunuzi. Familia ya Watanzania waishio Ulaya huja na watoto ambao Kiswahili chao ni cha nyumbani tu, wakihitaji mahali pa kugusa, kuonja na kuogelea kuliko maelezo ya tarehe. Mtalii aliyetoka Serengeti akielekea Zanzibar ana siku moja tu, na huyo asipangiwe zaidi ya katikati ya jiji na mlo mmoja wa jioni karibu na bahari.

Siku ya katikati ya jiji ndiyo yenye utajiri mkubwa kuliko zote, na saa yake ya kuanza ni mapema. Dar es Salaam ipo karibu na Ikweta, hivyo jua huchomoza karibu na saa kumi na mbili asubuhi na kuzama karibu na saa kumi na mbili jioni mwaka mzima kwa tofauti isiyofikia saa moja, na kuanzia saa tano asubuhi hadi saa tisa alasiri joto na unyevu wa hewa humchosha hata mwenyeji. Mgeni anayefika Feri saa kumi na mbili na nusu hupata faida tatu kwa pamoja, kwa kuwa atakuwa ameitangulia foleni ya barabara zote nne, atatembea katika hewa ya ubaridi, na atalikuta soko la samaki likiwa katika shughuli zake hasa.

Soko hilo, lililopo Magogoni kwenye mlango wa bandari, hupokea vyombo vilivyovua usiku. Samaki wakubwa kama nguru, jodari na kolekole hulazwa juu ya meza za saruji, mnadi husimama mbele yao akiitaja bei kwa kasi, na wanunuzi, ambao wengi wao ni wachuuzi na mama lishe, huipandisha kwa ishara ndogo ya kidole au kichwa ambayo mgeni huikosa kabisa asipoelekezwa pa kutazama. Pembeni wapo vijana wa kupara samaki, ambao huondoa magamba na matumbo kwa malipo kidogo, na upande mwingine kuna makarai makubwa ya mafuta ambamo samaki hukaangwa kabla ya kusambazwa mitaani. Sakafu huwa imelowa, kwa hiyo kandambili hazifai. Picha zipigwe kwa idhini ya anayepigwa, kwani watu wapo kazini, na kamera isielekezwe kwenye Ikulu iliyo jirani wala kwenye vyombo vya ulinzi, jambo ambalo limewaingiza wageni wengi katika maelezo marefu yasiyo ya lazima.

Kutoka Feri mgeni hutembea kuelekea magharibi kando ya maji, katika njia ya Kivukoni, ambako upande wa kulia yapo majengo ya kale ya Serikali yenye mapaa ya vigae na varanda pana, yaliyojengwa wakati wa Wajerumani na ambayo namna yake ya kukaribisha upepo ingefaa kufundishwa kwa wachoraji wa majengo ya vioo ya siku hizi. Mbele yake huonekana mnara wa kanisa la Kilutheri la Azania Front, lililojengwa mwishoni mwa karne ya 19, na hatua chache zaidi Kanisa Kuu la Mtakatifu Yosefu la Wakatoliki, ambalo ujenzi wake ulikamilika mwaka 1902 na ambalo madirisha yake ya vioo vya rangi hutazamika vizuri zaidi kutoka ndani asubuhi jua linapoyapiga. Likivukwa eneo la boti za Zanzibar, mgeni hufikia Boma la Kale katika Barabara ya Sokoine, jengo la mawe ya matumbawe lililobaki kutoka enzi za Sultani Majid, ambalo sasa limegeuzwa kuwa kituo cha kueleza historia ya majengo ya jiji. Mpangaji asiye na haraka amwache mgeni hapo kwa muda wa kutosha, kwa kuwa akishaziona ramani na picha za zamani, mitaa atakayopita baadaye humwelea zaidi kuliko maelezo yoyote ya mdomo.

Kutoka hapo njia hupanda hadi Mnara wa Saa, kisha hugeukia mashariki kwa Barabara ya Samora hadi kwenye Sanamu ya Askari, ambayo wazee wa mji huiita Bismini. Askari huyo wa shaba, aliyewekwa hapo mwaka 1927 kuwakumbuka Waafrika waliopigana na waliobeba mizigo katika Vita vya Kwanza vya Dunia, ameshika bunduki yenye singe iliyoelekezwa bandarini, na amesimama mahali pale pale ambapo zamani palikuwa na sanamu ya Hermann von Wissmann, gavana wa Kijerumani, iliyoondolewa Waingereza walipoutwaa mji mwaka 1916. Maandishi ya chini yake yameandikwa kwa Kiswahili, Kiarabu na Kiingereza, na ya Kiingereza yalitungwa na Rudyard Kipling. Magari huizunguka sanamu hiyo pande zote, hivyo watu wengi hupita kila siku bila kuisoma, na mgeni atakayeisoma atakuwa ameijua kuliko wenyeji wengi wa jiji.

Ikifika saa tano, jua likiwa limeanza kuuma, mgeni awe anaingia Makumbusho ya Taifa katika Mtaa wa Shaaban Robert. Hiyo ndiyo sababu ya kuanza na Feri na kuyaacha makumbusho baadaye, kwa kuwa ndani kuna kivuli, na mzunguko wote wa kutoka sokoni hadi hapo, ambao ni kiasi cha kilomita nne pamoja na visimamo vyake, utakuwa umekwisha kabla ya joto. Makumbusho hayo yalifunguliwa mwaka 1940 na yana habari za fuvu la Zinjanthropus, kiumbe wa kale wa jamii ya binadamu ambaye mabaki yake yaligunduliwa na Mary Leakey katika bonde la Olduvai mwaka 1959, pamoja na vitu vya historia ya pwani, ya ukoloni na ya uhuru, magari ya viongozi wa zamani, na kumbukumbu ya waliouawa katika mlipuko wa Ubalozi wa Marekani tarehe 7 Agosti 1998. Nje, jirani kabisa, ipo bustani ya mimea iliyoanzishwa na Wajerumani, ambayo imepungua ukubwa mwaka hadi mwaka lakini bado ina miti mikubwa ya kumpumzisha mtu aliyetembea tangu alfajiri. Baada ya chakula cha mchana, siku hiyo ihesabiwe imekwisha. Mgeni arudi alikofikia kabla ya saa kumi, wakati barabara za kutoka mjini hazijajaa.

Kariakoo haipangwi siku hiyo hiyo, ingawa katika ramani inaonekana karibu. Ni eneo lililokuwa na kambi ya wabeba mizigo wa jeshi la Waingereza baada ya mji kutwaliwa, likaja kuwa makazi ya Waafrika na hatimaye soko kubwa kuliko yote nchini, linalowauzia hata wafanyabiashara wa Kongo, Zambia, Malawi na Komoro. Jengo la soko kuu, lililobuniwa na Mtanzania Beda Amuli na kujengwa katika miaka ya 1970, lina paa la zege lenye umbo la miavuli mikubwa iliyopangwa kukusanya maji ya mvua, na liliungua mwezi Julai 2021. Mgeni asiye na nia ya kununua chochote atosheke na saa mbili hapo, akianzia Mtaa wa Lumumba, mahali palipohusiana na kuzaliwa kwa chama cha TANU tarehe 7 Julai 1954, akipita katika viwanja vya Mnazi Mmoja, kisha akiingia katika mitaa ya nguo na vyombo vya nyumbani akiwa na mwenyeji. Simu iwekwe mfuko wa mbele, fedha zigawanywe mahali pawili, na mkoba uning'inizwe kifuani wala si mgongoni. Bei ya kwanza huwa ni mwanzo wa mazungumzo tu, hasa pale muuzaji anapoisikia lafudhi ya mbali.

Ukanda wa kaskazini hutembelewa kwa kwenda kinyume na umma, yaani mgeni atoke katikati ya jiji asubuhi wakati wengine wanaingia, au kama amefikia Masaki, Mikocheni au Mbezi, abaki huko huko. Kijiji cha Makumbusho, kando ya Barabara ya Bagamoyo, kina nyumba za asili za makabila mbalimbali ya Tanzania zilizojengwa kwa vifaa vyake halisi, kama udongo, fito, nyasi na makuti, na humo mgeni huweza kulinganisha msonge wa Wahaya na tembe la Wagogo bila kusafiri siku nzima. Huchezwa pia ngoma, ila siku na saa zake ziulizwe mapema, kwa sababu mgeni anayefika bila ngoma huona vibanda vitupu na kuondoka akidhani amedanganywa.

Kutoka hapo hadi soko la vinyago la Mwenge si mbali. Wachongaji wengi wa hapo wanafuata sanaa ya Wamakonde, watu wa kusini mwa Tanzania na kaskazini mwa Msumbiji, na kazi zao mashuhuri ni ile iitwayo ujamaa, yenye watu waliobebana kuanzia chini hadi juu katika gogo moja, na ile ya shetani, yenye maumbo ya ajabu yasiyofuata mwili wa kawaida. Mgeni aelekezwe namna ya kuutambua mpingo kabla ya kutoa fedha, kwa kuwa mpingo halisi ni mzito kiasi kwamba kipande chake huzama majini, ilhali mti laini uliopakwa rangi ya viatu huwa mwepesi mkononi, na kitambaa chenye maji kikipitishwa chini ya kitako cha kinyago hicho hutoka cheusi. Si kosa kununua kinyago cha mti laini. Kosa ni kukilipia bei ya mpingo. Anayependa michoro kuliko vinyago apelekwe Oysterbay kwenye ushirika wa wachoraji wa Tingatinga, wanaoendeleza mtindo ulioanzishwa na Edward Saidi Tingatinga mwishoni mwa miaka ya 1960 kwa rangi za kawaida za mafuta juu ya mbao nyembamba, miaka michache tu kabla hajafariki mwaka 1972. Jioni humalizikia ufukweni Coco, kwenye mihogo ya kukaanga yenye pilipili na mishkaki. Siku ya Jumapili umati wa huko huwa mkubwa sana, jambo ambalo kwa mgeni kijana ndilo burudani yenyewe na kwa mgeni mzee ni adhabu. Maduka makubwa yenye viyoyozi ya ukanda huu yanaweza kuachwa bila hasara, kwa kuwa mgeni aliyetoka mji mwingine mkubwa anayo ya aina hiyo hiyo kwao.

Jambo la tatu, ambalo ndilo husahaulika zaidi, ni maji ya bahari. Katika pwani ya Dar es Salaam maji hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku, na kila siku saa ya kujaa husogea mbele kwa karibu dakika hamsini. Wakati wa mwezi mwandamo na wakati wa mwezi mpevu hutokea bamvua, yaani maji makuu, ambayo hujaa juu sana na kupwa mbali sana, tofauti ya kina kati ya kujaa na kupwa ikizidi mita tatu. Katikati ya vipindi hivyo huwa ni maji mafu, ambayo tofauti yake ni ndogo. Siku za bamvua maji hujaa alfajiri na tena alasiri, na hupwa kabisa katikati ya asubuhi, kwa hiyo familia inayofika Coco saa nne ikiwa na mavazi ya kuogelea huikuta bahari imekimbia, imeacha miamba, majani ya bahari na madimbwi. Kwa mtoto anayetaka kuona kaa na viumbe vya miambani saa hiyo ni nzuri kuliko zote, ila kwa anayetaka kuogelea ni safari ya bure. Kalenda ya mwezi, au swali kwa mvuvi yeyote, hutosha kuliepusha tatizo hilo.

Visiwa vya Bongoyo na Mbudya vimo katika hifadhi ya bahari iliyoanzishwa mwaka 1975, na kila anayeingia hulipa ada ya hifadhi mbali na nauli ya boti. Boti za Bongoyo huondokea upande wa Msasani na za Mbudya upande wa Kunduchi, na kwa kuwa Kunduchi pia kuna magofu ya msikiti wa kale na makaburi yaliyopambwa zamani kwa vyombo vya kauri kutoka China, siku ya Mbudya inaweza kuunganishwa na saa moja ya historia bila kumchosha mtu. Boti ya kurudi ipangwe kabla ya saa kumi na moja, koti la kujiokolea livaliwe hata kama nahodha analiona halina maana, na safari nzima iahirishwe kukiwa na upepo mkali, ambao katika miezi ya kusi, kuanzia Mei hadi Septemba, huweza kuichafua bahari ghafla.

Kigamboni haina haja ya maelezo mengi. Mgeni avuke kwa pantoni kutoka Magogoni, ale samaki katika fukwe za ng'ambo, na akirudi kwa gari apite Daraja la Nyerere, lenye urefu wa mita 680 na lililofunguliwa mwaka 2016, ili aione bandari kutoka upande wa pili.

Kuhusu usafiri, mabasi ya mwendokasi, ambayo hupita katika njia zake zenyewe zilizotengwa na magari mengine, yalianza mwaka 2016 kati ya Kimara na Kivukoni yakiwa na matawi ya Morocco na Gerezani, na ndiyo yanayomfaa zaidi mgeni anayekwenda katikati ya jiji mapema, mradi asiyapande saa ya msongamano akiwa na mizigo au watoto wadogo. Bajaji zinafaa kwa safari fupi ndani ya ukanda mmoja. Bodaboda ni za haraka kuliko vyote na za hatari kuliko vyote, na mgeni asiyezizoea asizipande kwa sababu tu amechelewa. Anayekuja kutoka mikoani kwa basi atashushwa Kituo cha Magufuli kilichopo Mbezi, mbali na katikati ya jiji, na ratiba yake isimpe jambo lolote la saa mbili za kwanza, tofauti na anayekuja kwa treni ya SGR kutoka Dodoma au Morogoro, ambaye tangu mwaka 2024 hushukia karibu na katikati ya jiji akiwa bado na nguvu za kutembea.

Kalenda nayo ina neno lake. Mvua za masika, kati ya Machi na Mei, hulijaza maji bonde la Mto Msimbazi, na zikizidi, Barabara ya Morogoro pale Jangwani hufungwa, jambo linaloukata mji vipande viwili na kuivunja ratiba yoyote inayopita hapo. Kipupwe, kuanzia Juni hadi Agosti, ndicho kipindi bora kwa matembezi ya miguu. Ijumaa mchana mitaa iliyo jirani na misikiti hujaa waumini na maduka mengi hufungwa kwa muda. Jumapili katikati ya jiji huwa kimya, hali inayowafaa wanaotaka kutazama majengo, lakini makanisani kuna ibada na si saa ya kupiga picha. Katika mwezi wa Ramadhani mgeni asile wala asinywe hadharani mchana, naye atafidiwa na magharibi ya futari yenye tambi, maharage ya nazi na kaimati, ambayo miezi mingine haipatikani kwa wingi huo.

Wapangaji wengi hushawishika kuongeza Bagamoyo na Zanzibar katika siku hizo hizo chache. Bagamoyo, kiasi cha kilomita 70 kaskazini, inakubalika kuwa safari ya siku moja kwa mgeni anayependa historia, kwa kuwa huko yapo magofu ya Kaole yenye msikiti unaokadiriwa kuwa wa karne ya 13, misheni ya Wakatoliki iliyoanzishwa mwaka 1868, na majengo ya wakati ambapo mji huo ulikuwa makao makuu ya Wajerumani kabla ya Dar es Salaam. Sharti lake ni kuondoka kabla ya jua kuchomoza na kutopanga mambo mengine siku hiyo. Zanzibar ni jambo tofauti. Boti ya haraka huchukua karibu saa mbili kwenda na saa mbili kurudi, pamoja na muda wa kusubiri bandarini, na anayekwenda asubuhi na kurudi jioni hupata saa chache za jua kali katika vichochoro vya Mji Mkongwe kisha hurudi akisema ameiona Zanzibar. Ni afadhali aiache kwa safari nyingine kuliko kuifanyia hivyo.

Siku ya mwisho ipewe jambo moja dogo tu, kama kununua zawadi Mwenge au kurudi Feri kwa wale waliopapenda, na isibebeshwe ukanda wowote uliobaki. Uwanja wa Ndege wa Julius Nyerere uko kiasi cha kilomita 12 kutoka katikati ya jiji, umbali ambao usiku wa manane huchukua dakika ishirini na jioni ya Ijumaa huweza kuzidi saa moja na nusu. Kwa hiyo mwenye ndege ya kimataifa ya jioni aondoke mjini saa tano nzima kabla ya muda wa kuruka, na akifika mapema mno, atakaa uwanjani akinywa chai bila wasiwasi wowote.